Kupiga Picha za Ndege Viotani Dunga: Mashua, Turubai na Nahodha Anayejua Kukataa

Huduma ninayoitathmini hapa ni ya safari fupi za mashua zinazoondoka katika ufuo wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, kusini mwa mji wa Kisumu, kwa ajili ya wapiga picha wanaotaka kuwapata ndege wa porini wanapojenga viota, wanapoatamia na wanapolisha makinda. Inaendeshwa na kikundi kidogo cha manahodha ambao walianza kazi majini wakiwa wavuvi, na baadhi yao bado hutega nyavu usiku. Kikundi hakina ofisi wala bango, na jina lake halijulikani nje ya ufuo. Mteja hukipata kwa kuuliza karibu na mahali panapoanikwa omena, au kwa kupewa namba ya simu na mtu aliyewahi kupanda. Nimesafiri nao wakati wa mvua na wakati wa kiangazi, kila mara kwa pesa zangu mwenyewe, na hukumu yangu naitoa mapema ili asiye na muda asilazimike kusoma hadi mwisho: ni huduma nzuri kuliko bei yake, vifaa vyake ni vya kubahatisha, na thamani yake kubwa iko katika ujasiri wa nahodha wa kumwambia mteja aliyekwisha kulipa kwamba kiota fulani hakifikiwi leo.

Jambo hilo la mwisho ndilo nitakalolipima zaidi, kwa sababu kupiga picha za viota hakufanani na kupiga picha nyingine za ndege. Ndege aliyetua tawini akikerwa na mashua huruka akatue kwingine, na hasara ni ya mpiga picha peke yake. Anayeatamia akiruka, huacha nyuma mayai au makinda yasiyo na manyoya, na hapa kwetu karibu na mstari wa ikweta hatari ya kwanza ni jua kuliko baridi: asubuhi ikishapevuka, yai lililoachwa wazi juu ya majani yanayoelea linaweza kupata joto la kuua kiinitete kabla mzazi hajathubutu kurudi. Baada ya jua wako wezi. Kunguru huangalia watu wanaangalia wapi. Kenge hufuata njia yoyote iliyofunguliwa katika mafunjo, yale matete marefu ya ukingo wa ziwa. Yuko pia mwewe wa kijivu mwenye uso wa manjano, kwa jina la kisayansi Polyboroides typus, ambaye viungo vya miguu yake hupinda mbele na nyuma, kiasi kwamba anaweza kuning'inia kwenye kiota cha mnana, yule ndege mfuma viota, akaingiza mguu kwa mlango wa chini na kutoa kinda. Mpiga picha aliyekwisha kuondoka haoni lolote kati ya hayo. Picha yake ni safi, na anaamini kwa moyo mmoja kwamba hakumdhuru yeyote.

Bei niliyotozwa mara ya mwisho ni shilingi 4,000 kwa mashua nzima kwa muda wa saa mbili, na shilingi 1,000 zaidi kwa mwelekezi kijana kama mteja anamhitaji. Mashua ni ya mbao, ya aina ileile inayotumika kwa uvuvi, yenye injini ndogo nyuma na makasia mawili. Hubeba watu wanne bila kubanana, ingawa kwa kazi ya lenzi ndefu wawili wanatosha kabisa, kwa kuwa kila anayejigeuza huwatikisa wenzake wote. Safari ya asubuhi huanza kabla ya jua kuchomoza, ziwa likiwa limetulia, na ya jioni huanza saa kumi.

Kuchagua kati ya hizo mbili si suala la kupenda au kutopenda kuamka mapema. Sehemu kubwa ya ukingo wa mafunjo ya Dunga, ukiitazama kutoka majini, huwa upande wako wa mashariki au karibu na hapo. Kwa hiyo asubuhi jua linakupiga usoni na ndege wanaonekana weusi tii, ilhali jioni mwanga huangukia moja kwa moja juu ya viota na kuzitoa rangi zote. Kwa hesabu hiyo kila mtu angechagua jioni. Lakini upepo wa ziwani huanza kuvuma mchana na huendelea hadi karibu na magharibi, mafunjo yakayumba upande huu na mashua ikayumba upande ule, na katika miezi ya mvua mawingu ya radi hujikusanya juu ya milima ya Nandi na kushuka bila kumsubiri mtu. Manahodha wanashauri asubuhi, kisha huingia katika mifereji iliyo ndani ya mafunjo ambako mashua inaweza kugeuzwa jua likawa mgongoni. Ushauri huo ni sahihi, ila sharti mteja auombe. Asiyesema kitu hupelekwa njia ya kawaida ya watalii, inayofuata ukingo wa nje hadi Hippo Point kuwatazama viboko, na atarudi na picha za viboko.

Kituo cha kwanza, nacho kwa maoni yangu ndicho kituo bora, ni mji wa viota vya minana. Manahodha wenyewe huwaita osogo kwa Kiluo, bila kutofautisha sana aina moja na nyingine, lakini wanaopatikana hapo kwa wingi ni wale wenye mdomo mwembamba, Ploceus pelzelni, ndege wadogo wa manjano ambao dume lao lina uso mweusi. Viota vimening'inizwa kwenye mafunjo juu ya maji, mlango ukiangalia chini. Kinachomvutia mpiga picha ni kazi yenyewe. Dume hung'ata ukingo wa jani, kisha huruka huku akiwa ameubana mdomoni, na jani hupasuka likatoa ukanda mrefu mwembamba wa kijani. Anarudi nao, anaupitisha juu ya shina, anauvuta kwa chini, anaurudisha. Pete ya wima ikishafungika, yeye husimama ndani yake kama fundi aliyesimama katika fremu ya mlango wa nyumba isiyo na kuta, na kutoka hapo, bila kuhama, hufuma chumba kuelekea mbele hadi mdomo wake usipofika tena. Hatua hiyo ya pete haidumu sana, na ndiyo inayotoa picha ambayo haihitaji maelezo: ndege, duara, anga.

Hapa inafaa kueleza kwa nini sioni ubaya kukisogelea kiota kinachojengwa mahali hapa, ilhali kwa ndege wengi hatua ya kujenga na siku za kwanza za kutaga ndizo nyeti kuliko zote. Ndege ambaye hajataga hukitelekeza kiota kwa urahisi, kwa sababu hajapoteza mengi. Anayelisha makinda makubwa huvumilia zaidi. Lakini mji huu wa minana umejengwa kando ya mfereji ambao mitumbwi hupita kila alfajiri, na dume lililokuwa likifuma halikukatiza kazi mashua ilipofika na kutulia. Isitoshe, kubomoa na kuanza upya ni sehemu ya maisha yao. Kwa mnana mkubwa wa mjini, Ploceus cucullatus, imethibitishwa kwamba jike huvutiwa na kiota kibichi cha kijani kuliko kilichokauka, na dume ambalo kiota chake kimekataliwa hukifumua lenyewe na kusuka kingine mahali palepale. Nahodha aliizima injini mbali, akaisukuma mashua kwa kasia, akaifunga kwenye kishungi cha mafunjo ambacho hakikuwa na kiota, na tukakaa. Kwa lenzi ya milimita 400 na kasi ya shata ya 1/2000 ya sekunde, mwanga wa saa moja na nusu ulitosha.

Tripodi iachwe nyumbani. Mashua husogea hata pale inapoonekana imetulia, na miguu ya tripodi huusafirisha kila mtikisiko hadi kwenye kamera. Badala yake manahodha hutoa mfuko wa kitambaa kigumu uliojazwa makapi ya mpunga, ambayo nadhani yanatoka Ahero, nao hulazwa juu ya ukingo wa mashua na lenzi ikalazwa juu yake. Ni kitu duni kwa macho, mshono wake umeanza kuachia na makapi humwagika kidogokidogo miguuni, lakini kwa kazi hii kimenifaa kuliko vifaa vya bei kubwa nilivyowahi kubeba, na ni chepesi hata mwenye mizigo mingi halalamiki.

Sasa nije kwenye kukataa. Katika uwanda wa mayungiyungi ulio nje kidogo ya mafunjo huishi ndege mwenye vidole virefu kupita kiasi, Actophilornis africanus, atembeaye juu ya majani yanayoelea bila kuzama. Jike lake halikai na mayai. Hutaga, kwa kawaida mayai manne ya rangi ya kahawia yaliyochorwachorwa mistari myeusi, kisha huenda kwa dume jingine, na anayeatamia, kulea na hata kuwabeba makinda chini ya mbawa ni baba. Kiota chenyewe ni rundo dogo la majani mabichi, linaloweza kuzamishwa na wimbi la mashua moja iliyopita kwa haraka. Tulimwona mmoja ametulia, shingo yake, nyeupe kwa mbele, ikiwa imenyanyuka kuliko kawaida. Tulikuwa mbali, yapata mita arobaini.

«Mzee, tunaweza kusogea kidogo?» nilimwuliza nahodha.

«Hapana, ndugu yangu. Baba yuko kwenye mayai. Shingo imesimama, ametuona. Akiteremka, jua litamaliza kazi.»

Hakuomba radhi wala hakuuliza kama nitakubali. Aliweka kasia magotini, akaiacha mashua ielee, na baada ya dakika chache shingo ile ikashuka, ndege akajipanga upya juu ya mayai na kutandaza mbawa kidogo ili kuyatia kivuli. Picha niliyopata ni ya ndege mdogo katikati ya uwanda mpana wa majani, na sioni kwamba imepungukiwa na kitu. Picha ya karibu ingemwonyesha ndege yuleyule akiwa na hofu, na anayewajua ndege angeisoma hofu hiyo papo hapo katika shingo.

Ninaulinganisha mwenendo huo na nilioshuhudia katika ufuo mwingine wa ghuba hiihii ya Winam, ambao sitautaja, ambako mwenye mashua alipoona ukubwa wa lenzi yangu alichomoa panga na kuanza kuyafyeka mafunjo yaliyokifunika kiota, akidhani ananisaidia. Alikuwa mtu mkarimu. Wapiga picha waliomtangulia ndio waliomfundisha kwamba picha isiyo na jani mbele yake hulipwa bakshishi kubwa zaidi, na jani hilo lilikuwa ndilo paa na mlango wa kiota.

Turubai linastahili aya yake. Kikundi kimefunga fito nne kwenye omo ya mashua moja, zikatandikwa turubai la kijani lililofifia, lenye madirisha matatu yanayofungwa kwa zipu. Fikra ya kujificha ili kumpiga picha ndege kiotani ni ya zamani. Ndugu wawili Waingereza, Richard na Cherry Kearton, walipiga picha ya kiota chenye mayai mwaka 1892, na baadaye wakatengeneza ng'ombe wa ngozi aliyenyoshwa juu ya fremu, mpiga picha akikaa tumboni mwake katikati ya malisho. Na Cherry alikuja mpaka Afrika Mashariki na kamera zake. Tatizo la kibanda cha nchi kavu siku zote limekuwa jinsi ya kukiingia bila kuonekana. Eric Hosking, Mwingereza mwingine, alipoteza jicho mwaka 1937 alipokuwa akirudi usiku kwenye kibanda chake, akaparuliwa na bundi aliyekuwa akilinda kiota. Kibanda kilichofungwa kwenye mashua hakina shida hiyo, kwa kuwa hufika na watu wake ndani, na ndege wa Dunga wamekwisha kuizoea mashua.

Hivyo kwa nadharia turubai la Dunga ni wazo bora. Kwa vitendo, linahitaji fundi. Ndani yake kuna joto la kuoka mkate ifikapo saa tatu. Zipu ya dirisha la kushoto hukwama katikati. Na upepo ukianza, sehemu isiyokazwa hupiga makofi kwa sauti inayowashtua ndege kuliko maongezi ya watu. Niliwashauri wabadilishe sehemu ya mbele iwe ya kitambaa kizito cha pamba badala ya plastiki. Mpaka hilo lifanyike, ningemshauri mteja achague mashua isiyo na turubai, avae nguo za rangi iliyopoa, na akae kimya. Ndege hawatishwi na umbo la mtu aliyeketi chomboni kiasi wanavyotishwa na mkono unaonyanyuka ghafla.

Kituo kilichonishangaza ni ukingo wa udongo karibu na mlango wa kijito, ambako mdiria wa rangi nyeusi na nyeupe, Ceryle rudis, huchimba mashimo ya kutagia. Kitu cha kupigwa picha hapo si kiota, kwani kiko ndani kabisa ya udongo, bali ni safari za mzazi anayeleta samaki. Nahodha alinionyesha jambo ambalo wapiga picha wengi hulipita: mdiria anayekusudia kumla samaki mwenyewe humgeuza kichwa kielekee kooni, lakini anayempeleka kwa mwingine humshika kichwa kikiwa nje, ili mlishwaji ammeze bila mapezi kumkwama. Kwa hiyo ukimwona mdiria ametua juu ya fito, samaki mdomoni, kichwa nje, na haingii shimoni, basi wewe ndiye uliyemzibia njia. Mashua yetu ilirudishwa nyuma mara moja, na ndege aliingia.

Kwa ndege hawa Kisumu ina sifa ya pekee. Mtafiti Heinz-Ulrich Reyer aliwachunguza katika miaka ya 1970 kwenye Ziwa Victoria na kwenye Ziwa Naivasha, akagundua kwamba wazazi wa Ziwa Victoria, ambako uvuvi ni mgumu zaidi kwao, hukubali kusaidiwa na madume wageni wasio na jike, ilhali wa Naivasha, ambao huweza kuwashibisha makinda wenyewe, huwafukuza wageni hao. Ndiyo maana mpiga picha wa hapa anaweza kuona ndege watatu au wanne wakihudumia shimo moja. Ni hadithi ambayo ingeipamba huduma hii, na mwelekezi kijana, anayejua majina ya ndege kwa Kiingereza bila kukosea, hakuwa ameisikia.

Kuhusu mwelekezi huyo nina lawama moja nzito. Dunga inajulikana kwa watazamaji wa ndege hasa kwa sababu ya ndege wasioishi popote ila katika mafunjo, na anayetafutwa zaidi ni Laniarius mufumbiri, mwenye mgongo mweusi, utosi wa manjano na tumbo jekundu linalowaka. Dume na jike huitikiana kwa haraka hivi kwamba msikilizaji hudhani ni sauti moja. Kumwona ni kazi, na kiota chake sijakiona wala sikitafuti. Mwelekezi alitoa simu na kipaza sauti kidogo, akapiga sauti iliyorekodiwa ya ndege huyo ili kumwita. Alikuja, kwa hasira, akaruka huku na huku juu ya vichwa vya mafunjo akitafuta mvamizi asiyekuwapo. Katika msimu wa kutaga, ndege anayemfukuza adui wa simu ameacha kiota chake, na anatumia nguvu ambazo makinda wanazihitaji. Aina hii imewahi kuwekwa katika orodha ya kimataifa ya ndege wanaokaribia kuwa hatarini, na mafunjo yake yanapungua kwa kukatwa na kuchomwa. Nahodha alitikisa kichwa bila kusema kitu, na niliona wazi kwamba kati ya wawili hawa nidhamu ya mmoja haijamfikia mwenzake. Mteja anayepewa mwelekezi amwambie kabla ya kuondoka kwamba simu ikae mfukoni.

Dosari nyingine ni za kawaida, ila moja haivumiliki. Majaketi okozi yalikuwa machache kuliko watu waliopanda, na moja halikufungika. Ghuba ya Winam huchafuka bila onyo, na mtu aliyebeba kamera shingoni haogelei vizuri. Niligoma kuondoka hadi lilipoletwa jingine kutoka mashua ya jirani, na ninamshauri kila mteja agome vivyo hivyo. Bei nayo hupanda mteja akifika kwa teksi na kushuka akifika kwa bodaboda. Ikubalianeni kwa simu, kiasi na muda, kabla ya kufika. Mwishoni mwa safari mara nyingi utaulizwa kama unataka kuona tai mla samaki akichukua samaki wa kurushiwa, aliyetiwa kipande cha funjo ili aelee. Picha yake ni ya kuvutia, lakini imepigwa na kila aliyewahi kupita, na iwapo tai hao wana kiota karibu ningependa waendelee kujivulia.

Wasomaji wa Nakuru wataniuliza kama inafaa kusafiri hadi Kisumu ilhali wana maziwa yao. Inategemea unachotafuta. Ziwa Elementaita, lililoingizwa pamoja na Nakuru na Bogoria katika Urithi wa Dunia mwaka 2011, lina visiwa vya mawe ambako mwari weupe hutaga kwa wingi, lakini hao ni ndege wa kutazamwa kutoka mbali kwa darubini, kwa sababu kundi zima likitishwa huinuka pamoja na kuacha mayai yote wazi kwa mara moja. Dunga hukupa ndege wadogo, kwa ukaribu ambao wao wenyewe wameukubali. Anayetaka korongo wenye taji kiotani, ambao ni miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka, ningemwomba awapige picha wakiwa wanatembea mashambani na vifaranga wao, wala asiwafuate kwenye kinamasi wanakoatamia.

Mambo mawili ya taratibu. Droni haifai kabisa katika kazi hii, hata ukiwa na idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga ambayo sheria ya Kenya inaidai, kwa kuwa ndege wengi huichukulia kuwa mwewe. Na kabla ya kuweka picha ya kiota mtandaoni, zima au futa alama ya mahali ambayo simu na kamera huiandika ndani ya faili. Nchini Uingereza sheria ya mwaka 1981 inaitaka hata idhini maalumu kabla ya kuwasumbua viotani ndege wa aina fulani zilizoorodheshwa, na mpiga picha hahesabiwi kuwa tofauti na mwingine yeyote. Kwetu ulinzi wa kiota kimoja Dunga, kwa siku ya kawaida, uko mikononi mwa aliyeshika kasia. Nahodha wangu hukumbusha jambo hilo la kufuta alama ya mahali kabla hata hatujashuka, na hakuna mwingine katika ghuba hii aliyewahi kunikumbusha.

Kwa jumla ninaipa huduma hii alama nne kati ya tano kwa yule anayepanda na nahodha mwenyewe bila mwelekezi, na mbili na nusu kwa anayepangiwa chochote kilichopo. Ombeni nahodha wa makamo anayetumia kasia. Ufuoni watajua mnamtaka nani. Kati ya Machi na Juni viota ni vingi lakini mvua pia ni nyingi, kwa hiyo bebeni mfuko wa plastiki wa kufunika kamera. Msilipe amana kwa M-Pesa jioni ya kabla ya safari, kwani magugu maji yakisukumwa na upepo usiku huweza kuufunga ufuo mzima kufikia alfajiri, na hapo hakuna mashua itakayotoka. Pigeni simu saa kumi na moja asubuhi, mwulizeni kama mfereji uko wazi, ndipo mtume pesa.